Dawa ya Oili Isiyo na Lebo

Miaka ya sabini mimi na mume wangu tulikuwa na mashine ya kusaga unga pale Amagoro. Injini yake ya dizeli ikilala usiku kucha, asubuhi iligonga vibaya mpaka ipate joto. Fundi wetu alisema vyuma vinasagana vikavu kabla oili haijapanda.

"Mama, tafuta dawa ya kuchanganya na oili," aliniambia. "Kuna mtu Malaba anauza."

Nilijiuliza amemjuaje huyo mtu.

Muuzaji nilimkuta kando ya foleni ya malori ya mpakani, makopo yake hayana lebo.

"Lebo ziko wapi?"

"Zilitoka na mvua, mama."

Mvua gani inaacha mikwaruzo ya kisu? Hata hivyo nilichukua kopo moja, maana mume wangu alishachoka na ile kelele.

Dawa sikuitia kwenye injini. Jioni nilichanganya kidogo na oili yetu kikombeni, kikombe kingine nikaweka oili tupu, nikaviacha nje. Alfajiri, kukiwa na baridi bado, niliegemeza kipande cha bati ukutani nikamwaga vyote viwili. Oili yetu iliteremka hadi chini. Yenye dawa ilifika katikati ikaanza kujivuta kama asali.

"Hata kuteremka imeshindwa," nilimwambia mume wangu. "Itapandaje?"

Tukamwita fundi. Nilikuwa tayari kumwambia usoni kwamba anagawana pesa zetu na yule muuzaji. Alichuchumaa, akalitazama bati, kisha akashika kichwa.

"Mama, mimi nimeweka hii kwa pikipiki yangu. Kopo zima."

Niliona haya. Nikampa chai, naye hakujua kwa nini nilimwongezea sukari.

Baadaye alitubadilishia filta na kutuwekea oili nyepesi zaidi. Injini ikawa inagonga kidogo tu asubuhi, kisha inatulia.

Siku moja nilipita tena Malaba, nikamwona dereva mmoja ameshika kopo la yule muuzaji. Nilimvuta kando nikamweleza yote, bati na baridi na pikipiki ya fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Sawa, mama," akasema. "Na wewe unauza ya aina gani?"