Mbuzi Aliyenyamaza

Nikinusa spiriti namkumbuka mbuzi wetu mdogo, aliyeiba mahindi akavimba tumbo. Nilimbeba hadi kliniki ya mifugo Miyuji, nikakaa mwisho wa foleni kwa adabu. Mbele yangu mama mmoja alipakata mbwa aliyevunjika mguu, anabweka kwa uchungu.

Daktari alipita akikagua fizi za wanyama. Akasimama kwangu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Lete huyu kwanza."

"Daktari, mimi nimetangulia! Humsikii wangu?"

"Namsikia, mama. Wako ana pumzi ya kulia. Huyu hana."

Akamtoboa ubavuni kwa sindano nene, hewa ikatoka ikivuma. Labda nakosea mengine, lakini hili nina hakika: yule mama alimweka mbwa wake chini, akaja kumshika mbuzi wangu miguu.

"Anahema, mwanangu," akaniambia.