Mayai Yaliyozaliwa Katoyi

Kabla ya kuanza kuvusha mayai kutoka Gisenyi, Rwanda, nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, na jambo hilo lilinipa kiburi kikubwa kuliko biashara yangu.

Serikali ilipoleta karatasi mpya ya forodha kwa wachuuzi wadogo, ilifungua pia ofisi ya msaada karibu na mpaka, na mafunzo ya siku mbili, bure. Siku ya kwanza nilikaa mbele kabisa, nikamsahihisha mfundishaji Kifaransa chake mara mbili. Siku ya pili sikwenda. Nilibaki mtaani kwetu Katoyi, upande wetu wa mpaka, nikawafundisha mimi mwenyewe mama wanne wa mtaa tuliokuwa tukivuka pamoja.

“Papa mwalimu, hapa penye ‘origine’ tuandike nini?” akauliza muuza nyanya, mama wa Butembo.

“Asili, mama. Mutu alizaliwa wapi. Iko wazi.”

“Ya mutu ao ya nyanya?”

Nilicheka. Wenzake wakacheka kwa kuwa mwalimu kacheka. Yeye akakunja karatasi yake, akaondoka.

Kesho yake, tukirudi kutoka Gisenyi na mizigo, nilitangulia kwenye mstari kama kiongozi wa kwaya. Afisa wa forodha alisoma karatasi yangu, akairudia, kisha akaniangalia.

“Papa, haya mayai ilizaliwa Katoyi?”

“Hapana. Ni mimi.”

Mstari mzima ulisikia. Nyuma yangu, kwa karatasi za wenzangu walioandika walikozaliwa, kulikuwa na maziwa ya Masisi, vitunguu vya Rutshuru na karoti za Mugunga, vyote vilivyonunuliwa Rwanda asubuhi ile. Tuliwekwa pembeni, juani, tuandike upya. Mama wa nyanya peke yake ndiye aliyepita: alipotoka kwangu alikuwa amekwenda kuuliza ofisini.

Angeweza kwenda zake sokoni. Alitua kikapu, akarudi, akawaelekeza wenzake mmoja mmoja. Mimi nikawa wa mwisho.

“Papa mwalimu, leta.”

Nilimpa karatasi na kalamu. Wakati ule sikuwa na hakika hata na tahajia ya jina langu.

“Unisamehe kile kicheko, mama,” nikasema.

“Haina shida. Juma ijayo wanafundisha tena. Ukuye.”

Nilikwenda. Nilikaa karibu na ukuta, pembeni yake, nikaandika kila kitu, hata yale niliyodhani nayajua.