Taa ya Majani ya Hezron

Hezron alikuwa na hasira wiki nzima, na chanzo ni majani. Si ya shambani, hapana. Ni majani marefu membamba kama utepe, aliyoyang'oa mwenyewe ziwani Karema akayapanda kwenye sanduku la kioo lenye maji, ndani ya hoteli ya mkewe pale Makanyagio. Sanduku na visamaki vyake aliachiwa na Mzungu aliyekuwa amemwajiri kuvua samaki wa mapambo. Sasa majani yanageuka manjano, na bila majani visamaki havina pa kujificha. Vinafukuzana na kung'atana mapezi mpaka kimoja kife.

Mkewe, Thacienne, alishatangaza mbele ya wateja.

"Baba Lucia, Jumapili ikifika majani yako yako hivyo hivyo, namwaga. Kioo kile ni kabati zuri la maandazi."

"Thubutu!"

"Usimwage, shemeji," akadakia Nestori, fundi baiskeli, akikoroga chai. "Mchuzi si huo, bado chumvi tu."

Watu wakacheka. Hezron akatoka kwa kishindo, akafika mbali akiwa bado na kikombe cha mtu mkononi.

Dukani kwa Arcade, muuza vifaa vya umeme, akaomba taa ya kuyapa majani mwanga, akapewa globu nyekundu. "Mabaa yote wanatumia hii, mzee." Kweli ilipendeza, visamaki viling'aa kama maharusi. Majani yakazidi kunyong'onyea. Hezron akairudisha akifoka.

"Nimeomba taa ya kukuzia, unanipa taa ya kulewea!"

Akapewa ya wati mia. Hiyo ikapasha maji mpaka visamaki vikapanda juu vinatweta, naye akaichomoa kwa pupa ikamuunguza vidole. Akatukana globu, Arcade na umeme wenyewe.

Ndipo akawaza kama Mpimbwe aliyezaliwa kwenye mashamba ya mpunga. Kwao mpunga unasimama majini, jua linaupiga utosini mchana kutwa, nao unastawi. Basi akapunguza maji, akakokota sanduku hadi dirishani, juani kabisa, akalijaza tena. Siku chache tu, maji yakawa ya kijani kama mlenda, samaki haonekani.

"Nani katia kitu humu?" akanguruma, akapiga meza vikombe vikaruka. "Nyie watu mnaniroga?"

Thacienne akaacha kukanda unga.

"Nani akuroge wewe? Hujawahi kuotesha tumbaku, ndiyo shida. Sisi kule Katumba kitalu tunakifunika nyasi. Ukikianika, kimekufa. Ukikiziba gizani, kimekufa. Unapunguza nyasi kidogo kidogo, unangoja. Wewe kila siku taa nyingine, mche utazoea lini?"

"Haya si tumbaku!"

"Wala si mpunga."

Hilo likamchoma Hezron kuliko globu. Lakini alifanya alivyoambiwa. Akabadilisha nusu ya maji, akaliondoa sanduku juani, akatundika kitenge dirishani mwanga uingie umechujwa. Juu ya sanduku akafunga taa ya tyubu, fupi, nyeupe, isiyo na joto, ya kuongezea kila jioni umeme ukija. Akaapa haigusi tena.

Jumapili maji yalikuwa bado machafu. Thacienne alitoka kanisani moja kwa moja, akashika ndoo. Hezron akasimama mbele ya kioo, mishipa ya shingo imemtoka.

"Si umesema mwenyewe kungoja? Au tumbaku yenu ilikuwa inaota kwa wiki moja?"

Thacienne akamtazama, akasonya, akaishusha ndoo. "Ngoja basi. Ila usinipigie kelele."

Maji yakatakata polepole. Asubuhi moja, kwenye changarawe, Hezron akaona chipukizi la kijani kibichi, na kisamaki kidogo kimejibanza nyuma yake. Akataka kumwita mkewe, akakumbuka wameamka wakigombana. Akamwita Nestori. Nestori akaja na kikombe, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akatumbua macho.

"Liko wapi? Mbona silioni?"

"Utalionaje," akafoka Hezron, akimvuta kola ya shati, "na kichwa chako kimeziba mwanga wote? Toka hapo!"