Redio ya Muhogo

Mume wangu alikuwa fundi wa reli, na alikuwa na tabia moja iliyoniudhi: hakukata ubao wala waya kabla ya kukitengeneza kitu chenyewe kwa muhogo. Muhogo wangu, wa jikoni!

"Mkono ujaribu kwanza," angesema. "Ubao ukishakatwa hauna toba."

Mama yake alikuja kwetu Nsambya kutoka Kenya ili atibiwe macho. Hayakupona, akabaki nasi katika nyumba za reli. Alichokipenda kuliko vyote ni habari za Kiswahili kutoka ng'ambo. Lakini tulikuwa chini ya utawala wa jeshi, kusikiliza stesheni za nje kulikuwa kujitafutia kifo, na mlango wa pili alikaa sajini. Nikasema redio iuzwe. Mume wangu akakataa. Mama hawezi kutiwa gizani mara mbili.

Basi ikabidi mama ajue kuinyamazisha mwenyewe, upesi, hata tusipokuwepo. Mume wangu akatoboa boksi la viatu, akachomeka vipande viwili vya muhogo: cha kutafutia stesheni akakichonga pembe, cha sauti akakiviringisha. Mama akavipapasa.

"Askari huyo mlangoni!" mume wangu akamshtua.

Mama akashika cha mviringo, sawasawa kabisa, akakizungusha kulia. Na redio zote, kulia ni kuongeza.

"Mama, umeifungulia yote!"

"Nimefunga," akajibu kwa hasira. "Kwenu mfereji wa maji hufungwa vipi?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Mume wangu hakucheka. Alimjaribu jioni nzima: akimwuliza polepole, alikumbuka, akimshtua, alifunga mfereji. Mimi ningemfundisha mama mpaka akome. Yeye alifungua redio yenyewe, akachonga vishikio vya ubao kwa maumbo yale yale, akabadilisha nyaya mbili, ikawa ukizungusha kulia sauti inapungua. Vile vipande nikaviosha, nikachemsha, tukavila na chai.

Jumamosi moja tulikuwa uani, mimi nafua, yeye anagongomea kiti. Tukamwona sajini anaingia kwetu bila hodi. Mtangazaji wa ng'ambo alikuwa anasikika mpaka nje. Halafu kimya.

"Mama, nani iko nasema hapa?" sajini akauliza.

"Ni mimi, mwanangu. Naomba Mungu. Karibu keti."

"Aa, basi ombea mimi pia, Mama. Mimi nataka chumvi kidogo tu."

Akapewa chumvi, akaenda. Mume wangu aliingia, akapiga magoti, akaushika ule mkono wa mama yake asiuachie, na nyundo bado anayo katika mkono wa pili. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile.

Kesho yake nilipitia sokoni nikanunua muhogo, fungu la kupika na fungu lake.