Mama Alisema Hana Shamba

Dada yangu alipoandika kwamba figo zimemshinda na anataka kumwona Mama, nilianza kutafuta makaratasi siku hiyo hiyo. Yeye yuko Ulaya, hawezi kusafiri. Mama anaishi kwetu Masisi, mlimani juu ya Lushebere, analima maharage na mihogo, na hajawahi kupanda ndege. Pasipoti ilipatikana, kadi ya manjano ya chanjo ikapatikana. Imani ya Mama ndiyo iliyokataa kupatikana.

"Hii tiketi iko ya kwenda tu?" aliuliza, akiigeuzageuza karatasi ya ajensi ya safari.

"Hapana, Mama. Huu mustari wa chini njo wa kurudi."

"Na nikirudi, nitakuta nani mu shamba yangu?"

Nilijua anakoelekea. Huku Masisi mtu anakimbia vita, akirudi anakuta wengine wamepanda shambani mwake, na yeye ndiye anaitwa mgeni. Mama yalishampata. Sasa aliona vita haipo, lakini mwanawe wa kiume anahangaika kumpeleka mbali. Ikawa kila nikipita karibu na shamba, anatoka nje kunitazama. Iliniuma sana. Shamba lenyewe sikulitaka.

Ndege hazitui tena Goma, mji wetu wa karibu, na viza nayo haitolewi huko, hivyo tulivuka mpaka kwenda kuiomba nchi jirani. Nilibeba barua ya chifu inayosema shamba ni la Mama, kwa sababu watu wa viza nao wana shaka yao: wanaogopa mgeni akishafika harudi. Mwenye shamba hurudi. Nilimweleza hayo njiani, nikarudia. Alitazama dirishani tu.

Mimi niliambiwa nisubiri pembeni. Nyuma ya kioo afisa aliishika ile barua akamuuliza, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mama, una shamba nyumbani?"

Mama alinitazama mimi kwanza. Kisha akaitazama barua mikononi mwa mtu asiyemjua.

"Mi sina shamba," alisema. "Hiyo barua siijue."

Jibu lilikuja kwamba hawakuridhika kuwa atarudi. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Tulipofika nyumbani dada alipiga simu, sauti yake imepungua. Nilimweleza yote, naye akaomba apewe Mama.

"Mama, juu ya nini ulisema hauna shamba?"

Mama aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Mutoto wangu, tangu nizaliwe, muntu wa biro ya serikali akiuliza shamba yako, anataka kuibeba. Sikujua kama kuko mwenye kuuliza ili mi nikuone."

Nilimsikia dada akilia. Mama hakukata simu. Alitoka nayo nje, akasimama ukingoni mwa shamba, akaanza kumweleza maharage yamefikia wapi, mstari kwa mstari, mpaka betri ikaisha.