Donati za Wahu Zisizo na Mafuta

Kikundi cha maombi cha akina mama kilichokuwa karibu na Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret, kilikutana kila Alhamisi nyumbani kwa mwanachama mmoja, kwa zamu. Zamu hizo ziliandikwa katika daftari la mistari lenye jalada la kahawia. Kwenye ukurasa wa mwaka 1973, jina la nane ni la Wahu, nalo limekatwa kwa mstari mmoja wa wino wa buluu. Hakuna sababu iliyoandikwa kando yake. Wote waliokuwemo waliijua sababu, na wote waliiona kuwa ya wema.

Wahu alikuwa mjane asiye na mtoto. Wanawake wenzake waliitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza: Mama Kiprotich, Mama Mburu, Mama Kiarie. Yeye aliitwa Wahu tu, hata na wasichana waliopaswa kumwamkia kwa heshima. Alikuja Uasin Gishu kutoka Nyeri mwaka 1958 pamoja na mumewe, Waweru, aliyeendesha trekta katika shamba la Mzungu. Wahu mwenyewe aliajiriwa jikoni, katika nyumba kubwa ya mawe, na huko ndiko alikojifunza kupika donati, yale maandazi ya mviringo yenye tundu katikati, yaliyokaangwa katika sufuria ya mafuta mengi.

Mzungu alipoondoka baada ya uhuru, wafanyakazi wake na watu wengine waliungana wakalinunua shamba. Viwanja viligawanywa kwa kura, kila mwanachama akichomoa karatasi iliyokunjwa kutoka ndani ya kofia. Waweru alichomoa kiwanja cha nyuma, palipokuwa na miti mitatu ya matufaha. Wenzake walimcheka.

"Waweru, sisi tutakula ugali, wewe utakula maua!"

"Nitawauzia kivuli," aliwajibu.

Hakuikata. Alipanda mahindi pembeni, miti akaiacha, kwa kuwa mkewe aliipenda.

Mwaka 1967 Waweru alianza kuugua ini. Daktari hospitalini Eldoret alimkataza mafuta kabisa: yasiwe kwenye mboga, yasiwe kwenye nyama, wala yasiguse maandazi. Kwa mtu aliyezoea kunywa chai na donati kila Jumamosi, katazo hilo lilikuwa zito. Wahu aliingia jikoni. Alianza kujaribu.

Majaribio yake yalichukua miezi mitatu. Mwishowe aligundua kwamba tufaha chachu, likiparwa na kuchemshwa mpaka liwe uji mzito, lilifanya kazi ya mafuta ndani ya unga: lililainisha bila kuelemea. Aliongeza maziwa lala, beking pauda, mdalasini na kungumanga kidogo kutoka duka la Mhindi mjini. Unga huo hakuukanda. Aliukunja kwa mwiko mara chache, kwani ukikandwa kwa nguvu hugeuka mgumu kama soli ya kiatu. Alikata duara kwa mdomo wa glasi, na tundu la katikati kwa kifuniko cha chupa ya dawa ya Waweru. Kwa kuwa hakuwa na jiko la Kizungu, alilaza debe tupu ubavuni juu ya mawe matatu, akaweka makaa chini, na makaa mengine juu ya debe. Donati zilitoka zimeumuka, zimekauka kwa nje, nyepesi mkononi.

Waweru alikula ya kwanza. Akasema, "Hii haina uzito. Ni kama umepika harufu." Akachukua ya pili.

Alifariki mwaka 1970. Tangu hapo Wahu alioka kila Jumamosi matufaha yalipokuwapo. Aliweka vikombe viwili mezani, kikombe cha Waweru kikiwa kimefudikizwa, akanywa chai peke yake. Kulikuwa na siku zilizopita bila yeye kusikia sauti yake mwenyewe, isipokuwa akimfukuza kuku.

Ndiyo maana zamu yake ya kwanza, ile ya 1973, ilimshughulisha kuliko mtu yeyote angeweza kujua. Katika miezi mingi, ile ingekuwa siku pekee ambayo watu wangeingia mlangoni kwake, wakae, waimbe. Alipiga deki mara mbili. Aliazima viti vinne kwa jirani yake wa upande wa pili wa ua, Hellen Jelagat, Mama Kiprotich, mwenyeji wa nyanda hizo na mwanachama mwenzake, ambaye walisalimiana kila asubuhi lakini hawakuwahi kukaa wawili tu. Kisha akaoka donati ishirini na nne.

Wanawake kumi na mmoja walikuja. Waliimba, wakaomba, chai ikamiminwa, sahani ikazungushwa. Mwenyekiti wao, Njambi, Mama Mburu, aliigeuza donati yake juu na chini, akatazama vidole vyake vilivyobaki vikavu, akatazamana na mwenziwe.

"Ni tamu," alisema kwa upole mno.

"Ni tamu, asante," wengine wakafuatisha. Hakuna aliyetania, hakuna aliyeomba ya kufungiwa watoto. Wakaondoka mapema.

Jumatatu iliyofuata Wahu alikuta mlangoni mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, mpya, na pakiti ya sukari. Njambi alikuwa amesimama hapo getini.

"Tumechanga kidogo, Wahu. Tuliona hali. Mtu akipikia wageni maandazi bila tone la mafuta, si kupenda kwake. Na hiyo zamu tumekuondolea, usijisumbue tena. Wewe uwe unakuja kwetu tu."

Wahu alifungua mdomo aeleze. Lakini kueleza kulimaanisha kutaja ini la Waweru, ugonjwa ambao watu waliuhusisha na pombe, ingawa Waweru hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa ameuficha miaka sita. Akasema asante, akaupokea mkebe kwa mikono miwili.

Wiki mbili alipita kando ya mkebe ule bila kuufungua. Kisha akaubeba hadi kwa Jelagat, aliyekuwa akikamua, akamweleza yote hapo hapo zizini, akiwa amesimama. Jelagat alisikiliza bila kuacha kukamua.

"Kwa hivyo si umaskini," alisema mwishowe.

"Si umaskini. Pesa ya mafuta ninayo. Nawaomba tu wanirudishie zamu yangu."

"Ukiwaambia hivyo watasema unajitetea. Mimi nawajua. Wahu, wapikie ya mafuta. Yatiririke mpaka kwenye kiwiko! Watanyamaza."

Wahu alimwendea Njambi, akaomba zamu nyingine, akapewa ya mwezi wa nane shingo upande. Siku hiyo aliufungua mkebe, akachemsha mafuta ndani ya nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu 1967. Macho yalimwasha, alisema ni moshi. Wanawake walikula mpaka sahani ikalambwa.

"Wahu, kumbe mikono iko!" Njambi alipaza sauti, midomo iking'aa. "Ulikuwa umetuficha!"

"Alikuwa anatupima imani," mwingine akadakia, na chumba kizima kikacheka. Waliondoka giza likianza kuingia. Jina lake liliandikwa upya, na halikukatwa tena.

Aliyaacha madirisha yote wazi, lakini harufu ya mafuta ilikaa kwenye mapazia siku kadhaa. Watu walikuwa wamekuja, wamekaa, wameimba, kama alivyotaka. Na hakuna hata mmoja aliyekula kile alichokijua yeye kupika.

Asubuhi moja Jelagat alimwita kutoka upande wa pili wa ua.

"Zile zako za matufaha umeacha kupika?"

"Nani atakula?"

"Mimi nilikula mbili ile siku."

"Ulikula kwa huruma."

Jelagat aliinua ndoo yake. "Ya kwanza, ndiyo," alisema, akaenda kwa ng'ombe wake.

Jumamosi ile Wahu alichuma matufaha ya mwisho, akaoka donati nane, akakata matundu kwa kile kifuniko cha chupa ya dawa. Aliweka vikombe viwili mezani. Kile cha pili alikigeuza kikatazama juu, akakaa akisikiliza geti.

Jelagat hakuja; ng'ombe wake alikuwa anazaa. Alikuja Jumamosi iliyofuata, matufaha yakiwa yamekwisha, wakanywa chai tupu.