Sahani ya Babu na Vikaango vya Mama

Enzi zetu Nyansurura, wimbo ulikuwa kitu cha kushikwa kwa mikono miwili. Nyumbani tulikuwa na santuri ya betri na sahani chache za nyimbo, lakini iliyohesabika ni moja: ya babu, baba yake baba, akipiga litungu, zeze letu la nyuzi nane. Alirekodiwa Nairobi mara moja tu, akafariki kabla sijazaliwa. Jumapili, tukitoka kanisani, baba alinawa mikono kwa sabuni, akaiweka sahani, nasi tukakaa kimya. Ukikohoa, unatolewa nje.

Baba mdogo Marwa alifanya kazi kwenye kiwanda cha sahani hukohuko Nairobi. Akija likizo, hakuna aliyelala mapema.

"Sauti inatikisa sindano," alituambia, "sindano inachimba mtaro kwenye sahani laini. Sahani hiyo inapakwa fedha, inazamishwa kwenye maji ya dawa yenye umeme mpaka inaota ngozi ya chuma. Ngozi ukiibandua, huyo ndiye baba. Baba anamzaa mama, mama anazaa mihuri ya kuchapia mitaro. Muhuri mmoja juu, mmoja chini, bonge la plastiki ya moto katikati. Mashine inakandamiza, maji yanapooza, basi, babu yenu huyo!"

Bibi, aliyekuwa akipepeta mtama, akainua kichwa. "Baba anamzaa mama? Na ng'ombe wa mahari walikwenda kwa nani, mwanangu mura?"

Kiwandani hawakumfundisha hilo.

Sasa, siku moja mimi na kaka yangu Mwita tuliona sahani ya babu ina vumbi. Tukaiosha vizuri, kisha tukaianika juu ya bati pamoja na vyombo, maana ni sahani. Tuliporudi kutoka kuchunga ndama, jua lilikuwa limeikunja kama sikio la ng'ombe. Baba alikuwa mnadani Mugumu, atarudi jioni. Fimbo tulishazizoea, zilikuwa sehemu ya malezi. Kilichonitetemesha ni kwamba babu hakuwa na sahani nyingine popote. Baba mdogo alishasema hata mihuri yake iliyeyushwa zamani.

"Moto umeikunja, moto utainyoosha," akasema Mwita. "Si umesikia ya kiwandani?"

Tukapasha moto vikaango viwili vya chapati vya mama, tukamlaza babu katikati, tukaweka jiwe la kusagia juu, na Mwita akapanda juu ya jiwe kuwa mashine. Mimi nilikuwa maji baridi. Tulifuata kila hatua kwa uaminifu, ila mihuri tu ndiyo tuliisahau. Tulipofunua, sahani ilikuwa imenyooka na kung'aa hata nikaona meno yangu. Mitaro ilikuwa imefutika yote, isipokuwa ukingoni, ambako kikaango hakikufika. Chapati za nyumba ile zilinuka plastiki mwezi mzima.

Baba aliingia, tukamwamkia shikamoo kwa adabu iliyomtia wasiwasi papo hapo. Aliiona sahani. Akanawa mikono, akaiweka, akashusha sindano. Tukamsikia babu akikohoa, akagusa nyuzi mara mbili, kisha sindano ikateleza hadi katikati bila kupata pa kushika.

"Mmemfuta babu yenu," baba akasema taratibu, "mkamwachia kikohozi."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, halafu nikaona kumbe analia. Fimbo zilikuja baadaye, kwa utaratibu. Ila Jumapili iliyofuata baba alinawa mikono kama kawaida, nasi tukakaa kimya, tukasikiliza kikohozi cha babu. Tulifanya hivyo miaka yote hadi betri zilipokosekana dukani.

Vijana wa siku hizi wana nyimbo nyingi mfukoni kuliko redio nzima, na wanazifuta ili wapate nafasi ya picha ya chipsi. Wanangu nikiwasimulia haya wananicheka: kwa nini hamkuhifadhi nakala, mama? Nami nacheka nao.

Baba alifariki mwaka jana. Yeye ndiye aliyetusimulia kila kitu cha ukoo wetu, na nyumba ilijaa simu, kila mmoja akidhani mwenzake anamrekodi. Tumetafuta sauti yake kote. Tumepata video moja tu, ya harusini Robanda. Baba ameinama kumwambia mtu jambo, midomo inakwenda, anatabasamu, na spika za muziki zimemfunika kabisa.